Kunguni: mtoe chumbani kwa kutumia tabia zake mwenyewe

Watu wengi kunguni wakiingia ndani kitu cha kwanza ni kukimbilia dukani kununua dawa ya kopo, wanapuliza godoro zima mpaka linalowa, siku mbili tatu wanalala vizuri afu wiki ya pili mambo ni yaleyale, wanaanza kusema kunguni wa siku hizi hawafi. Ni kweli wengine hawafi kirahisi na ntaeleza hapo chini kwanini, ila tatizo kubwa ni kwamba tunapigana na mdudu tusiyemjua. Kunguni ana sehemu zake anazopenda kukaa, ana muda wake wa kutoka, na kuna vitu haviwezi kabisa. Ukishavijua hivo unaweza kumaliza chumba kwa maji ya moto, sabuni, mabeseni manne madogo na uvumilivu wa miezi miwili au zaidi, dawa inabaki kuwa msaidizi tu.

Kabla sijaenda mbali tuondoe hii aibu maana ndo inayowalea. Mtu ana kunguni mwaka mzima hajamwambia hata jirani wa ukuta mmoja kwa sababu anaogopa kuitwa mchafu. Kunguni hali uchafu jamani, anakunywa damu, na damu ya tajiri na ya mpangaji wa chumba kimoja kwake ni ileile. Mwaka 2023 jiji la Paris lilikuwa na taharuki nzima ya kunguni, kwenye majumba, kwenye sinema, kwenye treni, serikali ikaitisha vikao. Uchafu unachangia kwa namna moja tu, chumba chenye mrundikano wa vitu kinampa sehemu nyingi za kujificha. Kwa hiyo ongea, uliza, sema.

Hakikisha ni kunguni kweli

Vipele peke yake havitoshi kukwambia. Mbu anauma, viroboto wanauma (hao wanaruka na wanapenda zaidi miguuni), papasi kwenye nyumba za udongo wanauma, na kuna watu wanaumwa na kunguni usiku kucha hawatoki hata kipele kimoja, unakuta mke anajikuna mpaka damu mume anamwambia unajisumbua bure. Ushahidi uko kwenye kitanda. Chukua tochi ya simu na kadi ngumu yoyote, hata ya benki iliyoisha muda wake, toa godoro, angalia pale chaga zinapolalia ubavu wa kitanda. Pitisha kadi kwenye ule mwanya taratibu kuanzia upande wa kichwani, kisha uitoe na uiangalie ncha yake.

Utakuta vumbi lenye nukta nyeusi, hicho ni kinyesi chao, ni damu iliyosagika tumboni, ukiipangusa kwa kitambaa chenye maji inaacha rangi ya kahawia iliyoiva. Utakuta magamba matupu mepesi sana, hayo ni ngozi wanazovua wakikua. Utakuta mayai meupe, kila moja kama milimita 1, yamegandishwa kwenye mbao kiasi kwamba ukipitisha kidole hayatoki mpaka uyakwangue. Mdudu mkubwa mwenyewe ni milimita 5 hivi, bapa kabisa, wa kahawia, na akishashiba anarefuka na kuwa mwekundu. Watoto wake wanaototolewa ni weupe, karibu unaona mpaka ndani, na ndo hao wanaopita machoni pa watu. Tandika shuka nyeupe ukitaka kuwaona vizuri. Watafiti wa Florida mwaka 2016 walijaribu rangi mbalimbali wakakuta kunguni wanapenda kujificha kwenye vitu vyekundu na vyeusi, wanaikwepa njano na kijani, kwa hiyo kwenye upindo wa godoro wenye rangi nzito angalia mara mbili.

Na kuna harufu. Ukimminya mmoja, au chumba kikishajaa sana, kuna harufu inayofanana na majani ya giligilani. Hiyo harufu anaitoa akishtuka, ni ya kuwaambia wenzake kuna hatari, watawanyike. Ikariri akilini, tutaihitaji kwenye habari ya dawa.

Tabia nne za kuzijua

Ya kwanza, anafuata pumzi. Usiku ukilala unatoa hewa ya kabonidaioksaidi na joto la mwili, yeye anatoka mafichoni kwa kufuata hivo viwili pamoja na harufu ya ngozi. Anakunywa damu kwa dakika tano mpaka kumi hivi kisha anarudi, hakai mwilini wala kwenye nywele, huyo wa kwenye nywele ni chawa. Sasa hapa ndo watu wengi wanapojiharibia. Anaona chumba kimemshinda, anahamia kulala sebuleni kwenye kochi. Kunguni wanakaa na njaa kidogo afu wanaanza kutembea kumtafuta, na wanaweza kukaa miezi bila kula, kwa hiyo chumba ulichokihama hakijafa, na sebule sasa umeipanda mbegu. Lala palepale. Ukilala palepale unajua watapita wapi, na njia yao utaiziba wewe.

Ya pili, anapenda kubanwa. Mwili wake bapa unataka mwanya unaomgusa juu na chini, na mwanya ukiwa karibu na anayelala ni bora zaidi. Ndo maana wengi wao utawakuta kwenye kitanda chenyewe na vitu vilivyoshikana nacho: maungio, matundu ya misumari, mikunjo ya godoro, zipu ya kava, nyuma ya ubao wa kichwani. Na chandarua! Watu wanasahau chandarua kabisa. Angalia pale juu kinapokusanywa na kufungwa, na kwenye pindo zilizoshonwa, utashangaa.

Ya tatu, wanaitana. Mwaka 2014 watafiti wa chuo kikuu cha Simon Fraser huko Canada walitangaza kwamba wameijua harufu inayowakusanya kunguni, na ndani yake kuna kemikali iitwayo histamini inayotoka kwenye kinyesi na magamba yao. Maana yake kwako ni hii, ukiua kunguni ukaacha yale madoa meusi pale pale, umeacha kibao kinachosema karibuni. Kwangua, sugua kwa sabuni na maji ya moto, paache safi kabisa. Harufu yetu nayo inawavuta, watafiti wa Sheffield, Uingereza, walionyesha mwaka 2017 kwamba wanakusanyika zaidi kwenye nguo zilizokwisha kuvaliwa kuliko zilizofuliwa, kwa hiyo ile tabia ya kutupia nguo chafu sakafuni karibu na kitanda iache leo.

Ya nne ni ratiba ya uzazi na hii iandike mahali. Kwenye joto letu yai linatotolewa kati ya siku 6 na 10 hivi. Anayetoka anapita hatua tano za kukua, na kila hatua lazima anywe damu ndo avue ngozi. Mpaka awe mkubwa wa kutaga ni kama wiki tano au sita akiwa anapata chakula vizuri. Jike anataga yai moja mpaka matano kwa siku, kwa maisha yake yanafika mamia, na jike aliyeshapandwa hahitaji dume tena kwa wiki kadhaa. Tena akishapandwa huwa anajitenga na kundi maana madume wanamsumbua, wanamtoboa tumbo kabisa kumpanda, kwa hiyo anayedandia begi lako mara nyingi ni jike mmoja mwenye mimba, na huyo mmoja anatosha.

Kazi yenyewe

Tenga siku nzima, jumamosi ni nzuri, uanze asubuhi. Usianze kwa kutoa vitu nje kiholela, unamwaga kunguni koridoni na kwa majirani. Kila kitu cha nguo kinaingia kwenye mfuko wa nailoni ukiwa humohumo chumbani, unafunga, ndo unatoka nao.

Nguo, shuka, foronya, pazia na chandarua chenyewe kama hakina dawa: maji ya moto. Kunguni na mayai yake wanakufa joto likifika nyuzi 50, kwa hiyo maji ya nyuzi 60, yaani yale ambayo mkono hauwezi kukaa ndani, yanamaliza kazi, loweka nusu saa. Nguo isiyoweza maji ya moto ipige pasi, uikazanie kwenye mishono. Vitu vidogo kama viatu vya mtoto au mdoli, wenye friza nzuri inayogandisha kweli vifunge kwenye nailoni uviweke humo siku nne. Chandarua chenye dawa usikichemshe, kikague, kifue taratibu kwa maji ya kawaida na sabuni ya kipande, kianike kivulini.

Jua je? Nguo nyepesi ndani ya nailoni nyeusi iliyotandazwa juu ya bati saa sita mchana, sawa, inasaidia. Godoro kulianika juani peke yake hapana. Upande wa juu unapata moto, wao wanashuka upande wa chini wenye kivuli wanasubiri, na wengine wanatembea zao.

Kitanda sasa. Kifungue chote, kila chaga, kila bolti. Birika lichemke palepale karibu, jiko liwe mlangoni (watoto wakae mbali kabisa), na maji yamwagwe yakiwa bado yanatokota moja kwa moja kwenye maungio na matundu ya misumari, maana ukiyahamishia kwenye jagi yakapoa kidogo yanakuwa hayana maana. Mimina taratibu, utawaona wanatoka. Mbao zinaweza kupinda kidogo zikiloa, kwa hiyo simamisha zikauke kivulini, afu ziba kila ufa na kila tundu kwa puti au gundi ya mbao iliyochanganywa na vumbi la mbao, fundi seremala yeyote anakufanyia kwa hela ndogo. Kitanda cha chuma usikiamini kwa sababu ni chuma, wanaingia kwenye mabomba, mimina maji ya moto ndani ya bomba kisha ziba midomo yake.

Godoro la sponji, fungua zipu ya kava, lifue kava kwa maji ya moto, na pale kwenye zipu ndo wanapojazana. Sponji yenyewe ikague matundu na kona zote, waokote kwa selotepu, inanasa na watoto wao. Ukiweza lishonee kava la nailoni nzito lililofungwa kila upande usilifungue kwa mwaka, waliobaki ndani watakufa na njaa. Godoro lililotoboka toboka na kujaa kabisa, bora uliage, ila lichanechane kwanza, usiliache jalalani zima mwenzako akaliokota.

Usisahau ukutani: fremu za picha, kalenda, nyufa za plasta upande wa kichwani, boksi la soketi (zima umeme kwanza, usimwage maji hapo hata tone).

Kisha kifanye kitanda kiwe kisiwa. Kisogeze mbali na ukuta, kila mguu uweke juu ya kipande cha tofali ndani ya beseni dogo, ndani ya beseni weka maji yenye sabuni ya unga. Kunguni haruki wala hana mabawa, lazima atembee, akija anatumbukia, na sabuni inafanya maji yasimbebe. Maji matupu hayatoshi, na kopo laini kavu nalo usilitegemee, kwa sababu aina ya kunguni tulionao wengi ukanda wa joto, Cimex hemipterus, ana miguu inayopanda sehemu laini vizuri kuliko yule wa nchi za baridi, hilo limepimwa maabara. Badilisha maji kila baada ya siku tatu ili usije ukafuga mbu. Shuka zisiguse sakafu, chandarua kichomekee chini ya godoro pande zote. Halafu, kama nilivyosema, lala hapo hapo kila siku. Wewe ndo chambo. Wenye njaa wote watakuja kwako na wote watapita kwenye maji.

Kuna njia moja ya zamani naipenda sana na vifaa vyake viko shambani kwa bibi yako. Watu wa nchi za Balkani, Bulgaria na Serbia huko, walikuwa wanatandaza majani mabichi ya maharage sakafuni kuzunguka kitanda jioni, asubuhi wanayakusanya yakiwa na kunguni waliokwama wanayachoma moto. Watafiti wa Marekani waliiangalia kwa hadubini wakachapisha mwaka 2013: jani la maharage ya kawaida, haya tunayochemsha na nazi, lina vinywele vidogo vilivyopinda, kunguni akikanyaga vinywele vinamtoboa mguu, anavuta, anakwama zaidi. Haihusu sumu wala harufu, ni mitego tu. Jani liwe bichi, upande wa chini wenye ukakasi uangalie juu, ubadilishe kila siku. Haliwezi kumaliza chumba peke yake ila kwa aliyeko kijijini asiye na hela ya dawa, pamoja na yale maji ya moto, ni msaada wa kweli.

Kuhusu dawa, soma hapa kabla hujatoa hela

Kunguni wameshazoea dawa toka siku nyingi. DDT ilipoingia miaka ya 1940 watu walidhani kunguni wamekwisha duniani, mwaka 1947 tu kwenye mabweni ya jeshi Pearl Harbor, Hawaii, wakakutwa ambao haiwaui. Hapa kwetu chandarua zenye dawa zilipoanza watu walizipenda kwa sababu ziliua na kunguni, baadae kunguni wakarudi, na utafiti wa Tanga uliochapishwa 2002 ukakuta kwenye vijiji vilivyotumia hizo neti kunguni wamekuwa sugu kwa dawa za jamii ya pareto. Dawa nyingi za kopo dukani ni jamii hiyohiyo. Tena ukipuliza juu juu, wale wanaoguswa kidogo wanashtuka, wanatoa ile harufu ya giligilani, wenzao wanatawanyika mpaka vyumba ambavyo havikuwa nao.

Ukitumia dawa, ipeleke ndani ya nyufa, sio juu ya shuka unayolalia. Na lazima urudie baada ya siku 10 mpaka 14, kwa sababu yai mara nyingi haligusiki na dawa, unasubiri litotolewe umkute mtoto kabla hajakua akataga. Fundi wa kupiga dawa akija muulize mambo matatu: dawa inaitwaje na imesajiliwa wapi (mamlaka za serikali zinazosajili dawa za wadudu, Tanzania ni TPHPA, Kenya ni PCPB), atarudi lini mara ya pili, na atafungua kitanda au atapuliza tu hewani. Akikwambia mara moja inatosha, mshukuru umtafute mwingine.

Sasa hili naomba lisikilizwe kwa makini. USITUMIE dawa ya shambani kitandani, na usithubutu kuweka chumbani vile vidonge vya kuhifadhia mahindi. Vile vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi ya fosfini, inaua mtu usingizini, inaua watoto, inapenya mpaka chumba cha jirani, na kuna familia duniani zimepotea kwa sababu ya kunguni tu. Petroli na mafuta ya taa nayo hapana, nyumba zinaungua. Kunguni wenyewe hawajawahi kuthibitika kumwambukiza mtu ugonjwa kwa kumuuma, HAPANA, hata ukimwi hawaambukizi, shida yao ni kuwashwa, vidonda vya kujikuna vikiingia vijidudu vya ugonjwa, na kukosa usingizi kunakoharibu kichwa cha mtu kabisa. Mtoto mdogo aliyeumwa sana mpeleke kituo cha afya wamwangalie kama damu imepungua.

Nyumba za kupanga na safari

Kama mnaishi vyumba sita uwani, kusafisha chumba kimoja ni kupoteza nguvu, wanapita kwenye nyufa za ukuta na juu ya dari. Nenda kwa jirani kistaarabu, jioni, mwambie "dada, samahani, kwangu nimeona kunguni, sijui kwako pakoje, nilikuwa naomba tumwambie mama mwenye nyumba tufanye siku moja wote". Ukianza na kwako hakuna anayejisikia kutuhumiwa. Mara nyingi utasikia "hata mimi nilikuwa naona aibu kusema".

Ukilala gesti, kabla hujaweka begi kitandani inua kona ya godoro upande wa kichwani uangalie zile nukta. Begi likae juu ya kiti au bafuni, lisikae sakafuni. Mtoto akirudi kutoka bweni, tranka lifunguliwe nje juani, nguo zote ziingie kwenye maji ya moto siku hiyohiyo, tranka lenyewe limwagiwe maji ya moto kwenye bawaba na pembe. Kochi la mtumba na kitanda cha mtumba, pindua uangalie chini, chana kile kitambaa cheusi cha chini ukilazimika, kabla hujalipa.

Utajua umewamaliza vipi? Kagua mabeseni kila asubuhi na pitisha kadi kwenye maungio kila wiki. Wiki za mwanzo utaokota wakubwa, baadae watoto tu, baadae hakuna. Zikipita wiki nane hujaona mdudu, gamba jipya wala nukta mpya kwenye shuka nyeupe, ndo utoe mabeseni. Ukiona hata mmoja kwenye wiki ya saba, hesabu inaanza upya siku hiyo.